Simu Bubu ya Remei

Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku kumi na mbili baada ya mvua, polisi walimsimamisha Remei Casadevall kwenye kizuizi cha barabara inayoshuka kutoka msituni kwenda Rocanegra. Ndani ya gari lake mlikuwa na kisu chenye ncha iliyopinda, mizani ya mkono, mifuko ya karatasi na kikapu kilichofunikwa kwa majani mabichi. Siku kama hiyo kila gari linaloshuka mlimani lina vitu hivyo. Kisu hakikuwashtua polisi, wala mizani. Kilichowashtua ni simu iliyolala kwenye kiti cha abiria.

Sajini Fermí Bassols aliiokota kwa vidole viwili, akaigeuza, akautazama mstari wa kamera mgongoni mwake, kisha akawasha kioo. Kioo kilikuwa cheusi, hakina picha ya mjukuu wala ya paka, kina mahali pa kuandika namba ya siri tu. Mwezi mmoja nyuma alipelekwa semina ya siku moja, akaonyeshwa simu za namna hii na kuambiwa kuwa wauza unga wanazipenda kwa sababu hazichunguliki. Huenda walimweleza mengine pia, lakini semina ilikuwa na chakula cha mchana, na ya baada ya chakula hakuyasikia. Alirudi na hilo moja kichwani, nalo lilipata nafasi ya kutosha.

"Jina?" aliuliza.

"Fermí, acha utoto."

"Nimekuuliza jina, bibi."

"Remei Casadevall. Nilikaa dawati la nyuma yako miaka sita, na wewe hesabu zako zote ulizipata kwa kugeuza shingo."

Konstebo Neus, aliyehamishwa juzi tu kutoka pwani, aligeukia upande wa bonde akakohoa kidogo.

"Hii simu ni ya nani?"

"Yangu."

"Mwanamke wa umri wako anataka nini na simu kama hii?"

"Umri wangu ni umri wako, Sajini. Tumepishana miezi mitatu. Nataka kupiga simu."

"Ifungue basi nione."

"Siifungui."

Fermí alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyesubiri jibu hilohilo tangu siku ya semina. Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, kubwa, yenye kava la timu ya mpira, akaitikisa mbele ya pua ya Remei.

"Ona hii. Haina namba ya siri, haina chochote. Mke wangu anaishika, watoto wanaishika. Inajua nilipo mchana na usiku, na mimi sijali. Kwa nini? Kwa sababu sina cha kuficha. Asiye na cha kuficha anafungua."

"Mimi ninacho," Remei alisema. "Ndiyo maana nimeficha."

Hapo ndipo walipomchukua.

Alichokuwa nacho ni mteremko mmoja. Mama yake alimwonyesha mteremko huo alipokuwa na miaka tisa, na kabla ya kumwonyesha alimzungusha msituni saa nzima ili asiweze kumwambia mtu njia hata akitaka. Chini ya misonobari ya mteremko ule, mvua ya Septemba ikinyesha vizuri, uyoga wa rovelló hutoka kwa mamia, mwekundu kama tofali, na wenye mikahawa ya bonde zima hununua bila kubishana bei. Tangu mumewe afe, Remei anaishi mwaka mzima kwa wiki mbili za uyoga huo. Milimani kwao mtu hamuulizi mwenzake anakookota. Unaweza kumuuliza mwenzako mshahara wake, hata aliyelala naye, na atakujibu. Lakini ukimuuliza mahali pake pa uyoga umemvunjia heshima, na akikujibu ujue amekudanganya.

Mwaka uliotangulia alikuwa na miteremko miwili. Siku moja alikipiga picha kikapu chake pale pale chini ya mti, akamtumia mwenye mkahawa mmoja, naye, kwa furaha, akaibandika mtandaoni. Remei hakujua kuwa picha ilibeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Jumamosi iliyofuata alikuta watu kumi na mmoja kutoka mjini wenye reki za bustani. Walikwangua ardhi mpaka mizizi ikaonekana, na mwaka huu pale hapakuota hata uyoga wa sumu.

Alishuka moja kwa moja hadi kwa binti yake, Queralt, anayetengeneza kompyuta, akamwambia anataka simu isiyosema na mtu. Queralt alinunua simu ya kawaida ya dukani, akafuta kila kitu kilichokuwamo, akaweka mfumo mwingine usiopeleka habari popote. Waliiita simu bubu. Ndani yake Remei aliweka alama kumi na sita kwenye ramani, mti kwa mti, kwa sababu ukungu wa Oktoba ni mzito na macho yake si ya zamani, na kwa sababu siku moja ramani ile itakuwa ya Queralt.

Sasa ilikuwa mezani kwa Fermí Bassols, ambaye pia huokota uyoga.

Na si muokotaji wa hivihivi. Kwa miaka minne, kila Jumapili ya msimu, saa nne asubuhi, wanaume wakiwa kwenye baa ya Cinto na sahani zao za soseji na maharage, Fermí huingia na kikapu, hukitua katikati ya meza bila kusema neno na kujifanya anatafuta leso. Wanaume hupiga mluzi. Uyoga mnene, safi, wote saizi moja. Hakuna anayemuuliza wapi. Hiyo ni adabu.

"Tuanze upya," alisema Fermí ndani ya chumba cha mahojiano. "Unapanda msituni peke yako alfajiri. Unarudi na mizani na mifuko midogo. Wateja wanalipa taslimu. Simu yako imezibwa kama ya jambazi. Wewe ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

"Ningekuwa wewe ningefikiri ni Oktoba."

"Kule juu kuna mashamba ya bangi, bibi."

"Kule juu kuna uyoga. Kikapu unacho hapo, kinanuka mpaka huku."

"Uyoga unaweza kuwa wa kuzugia."

Remei alishawahi kukutana na wajinga wengi maishani, na wengi aliwavumilia, kwa sababu mjinga asiye na sare hamzuii mtu kwenda kazini.

"Haya, nikuulize na mimi," alisema. "Jumapili iliyopita uliingia kwa Cinto na kilo nne. Uliziokota wapi?"

Neus, aliyekuwa anaandika maelezo, aliinua kichwa.

"Kweli, Afande, ni wapi?"

"Hilo ni jambo langu binafsi," alisema Fermí. "Usiliandike."

Wakili wa zamu, bwana mmoja mtulivu aitwaye Gispert, alifika saa nane mchana na kusema kwa sauti ya kuchoka kwamba mteja wake halazimiki kufungua simu, kwamba kumiliki simu si kosa, na kwamba kama kuna hakimu anayefikiri vingine, aandike. Walimwachia saa kumi. Simu ilibaki, ikafungwa ndani ya mfuko wenye lakiri. Kikapu pia kilibaki, kikaandikwa kuwa kielelezo namba mbili. Jumatatu Gispert alipokiulizia aliambiwa kielelezo kimeharibika. Alimweleza Remei kwamba kituo kizima kilikuwa kinanuka kitunguu saumu.

Siku hiyo hiyo Remei alipotoa gari nje aliona gari la kijivu likiwashwa nyuma yake, Fermí na Neus ndani.

Hapo ndipo alipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Rovelló haingoji mtu. Ikitoka ina siku kumi, pengine kumi na mbili, kisha funza wanaingia, na baridi ikiuma mara moja msimu umekwisha. Akipanda mteremkoni, gari la kijivu litapanda naye, na mahali pa mama yake patakuwa mahali pa kila mtu kabla ya wiki kuisha. Asipopanda, uyoga utaoza na atapita majira ya baridi mikono mitupu. Aliegesha, akashika usukani kwa mikono miwili na kumtukana Fermí kwa matusi ambayo mama yake alidhani hayajui.

Basi akawatembeza. Jumatatu aliwapandisha mlima wa mawe ambako hata mbuzi hawaendi, akazunguka huko saa tatu na kikapu kitupu huku Fermí akimfuata kwa mbali, akihema, amejificha nyuma ya kila mti mwembamba kuliko tumbo lake. Jumanne aliwapeleka makaburini. Jumatano aliwapitisha kwenye vichaka vya miiba, na aliporudi barabarani alimkuta Neus amebaki ndani ya gari na kitabu cha mafumbo ya maneno.

"Ameshindwa?" Remei alimuuliza kupitia dirishani.

"Suruali imechanika, mama."

"Pole yake. Wewe unaona ninauza unga?"

Neus alitazama vichakani, kisha akashusha sauti. "Mimi naona ni Oktoba, mama. Lakini mwenye mistari mitatu begani si mimi."

Alhamisi mwenye mkahawa alimpigia simu ya nyumbani kumuuliza kama aandike uyoga kwenye menyu au aufute. Remei alimwambia afute. Alipoweka simu chini alilia kwa hasira jikoni, amesimama, na kitunguu mkononi. Hakuwa amekimenya bado, kwa hiyo hakuwa na cha kusingizia.

Jumanne ya wiki iliyofuata Gispert alimwita ofisini. Hakimu alikuwa amelitupilia mbali jalada kwa sentensi mbili, na ya pili ilikuwa kali. Wakili alimkabidhi simu, lakiri haijaguswa, pamoja na bahasha yenye nakala ya jalada zima.

"Ni haki yako kuwa nayo," alisema. "Isome siku ukitaka kucheka."

Aliisoma na Queralt jioni, kwenye meza ya jikoni, wakila mkate uliopakwa nyanya. Kurasa kumi na nne. Sajini alikuwa ameandika kuwa mshukiwa "anafahamu mbinu za kuwapoteza wapelelezi", na kwamba makaburini "alionekana kuzungumza na mtu asiyeonekana". Huyo alikuwa mumewe. Kisha zikaja ramani. Vifaa vya kazi havipati mawimbi mabondeni, kwa hiyo ili kuthibitisha alikomfuata mshukiwa Sajini alichapisha njia zilizohifadhiwa na simu yake mwenyewe, siku kwa siku, dakika kwa dakika, kutoka Jumamosi ya kizuizi hadi Jumatatu ya jana. Mtu mwingine angezipitia kabla ya kuzitia sahihi. Yeye hakuwa na cha kuficha, basi hakupitia.

Queralt ndiye aliyeziona Jumapili mbili katikati ya zile siku za kazi.

"Mama," alisema, "hizi ni za kwake. Hapa alikuwa mapumzikoni."

Remei alivaa miwani. Kwa dakika moja aliingiwa na tamaa, wala hakuionea aibu. Mahali pa Fermí Bassols, pa kilo nne kila wiki, palikuwa mbele yake kwenye karatasi, na sahihi yake mwenyewe chini. Alifuata mstari kwa kidole. Saa kumi na mbili na dakika arobaini kutoka nyumbani. Saa moja na robo, kituo cha kwanza, dakika ishirini na mbili. Alisogeza karatasi karibu na taa. Hapakuwa msituni. Palikuwa kilomita arobaini bondeni, kwenye soko la jumla la mboga, mlango wa nyuma. Kisha mstari ukapanda mlimani hadi kwenye uwanja wa kuegesha magari wa msitu wa serikali, na hapo nukta ikakaa saa moja na nusu bila kusogea hata hatua kumi. Saa nne kasoro dakika mbili, baa ya Cinto. Jumapili ya pili ilikuwa vilevile, isipokuwa sokoni alikaa dakika thelathini. Bila shaka palikuwa na foleni.

Queralt alicheka mpaka akashika ubavu. Remei hakucheka. Alikuwa anafikiria miaka minne ya mluzi, na mtu mzima aliyekaa ndani ya gari saa moja na nusu na kikapu cha kununua, akingoja muda upite ili aonekane ametoka msituni. Akafikiria pia gari la kijivu, na kitu kimoja kilichomsumbua tangu mwanzo kikanyooka. Bangi ilikuwa hadithi ya siku ya kwanza tu. Fermí alikuwa anafuata mteremko.

Kesho yake asubuhi alitoa gari kama kawaida. Jalada lilikuwa limeshafungwa tangu jana yake, na bado kulikuwa na gari nyuma yake. Safari hii lilikuwa jekundu, gari la Fermí mwenyewe, na Neus hakuwamo. Remei aliendesha hadi njia panda ya kwanza ya msitu, akaegesha katikati ya barabara, akashuka, akarudi nyuma kwa miguu. Fermí alishusha kioo. Alikuwa amevaa sweta, na kikapu kipya kilikuwa kwenye kiti cha nyuma.

"Kesi imefungwa. Unanifuata kwa kazi gani?"

"Hii ni barabara ya umma, bibi. Naendesha."

"Vizuri. Basi shika hii, utasoma ukiendesha."

Alimpa ukurasa wa tisa. Fermí aliutazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na shingo yake yote ikawa nyekundu hadi masikioni. Aliugeuza upande wa nyuma, kana kwamba huenda kule pangekuwa na maelezo mengine. Hapakuwa na kitu.

"Umeitoa wapi?"

"Kwako. Umeichapisha mwenyewe na sahihi umetia. Simu yako haina namba ya siri, unakumbuka?"

"Remei." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu kizuizini. "Nani mwingine kaiona hii?"

"Queralt. Wakili. Hakimu, kama ana muda wa kusoma takataka."

"Usimwambie Cinto. Nakuomba."

"Kwa nini? Una cha kuficha?"

Fermí alikunja ule ukurasa mara mbili, mara nne, mpaka ukawa mdogo kama stempu, akabaki ameufumbata.

"Wewe hujui ilivyo," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Babangu alikuwa na mahali. Pazuri kuliko pote hapa. Kila mwaka nikimwomba anionyeshe, ananiambia mwakani, mwakani. Alikufa nimekaa pembeni ya kitanda nimemshika mkono, na hakusema. Mtoto wake wa pekee, na hakusema. Watu wote wanadhani aliniachia, wanaona aibu kuniuliza, na mimi naona aibu kwamba hawaulizi. Ungefanya nini?"

Remei alimkumbuka yule mzee, mtu mkavu, mwenye kofia, aliyekuwa akifunika kila alipokata kwa majani ili ardhi isionekane imeguswa. Kwa muda mfupi alikaribia kumwonea huruma Fermí. Kisha akakumbuka kielelezo namba mbili.

"Babako alikuwa mtu mwenye akili," alisema. "Alikujua."

Akarudi kwenye gari lake. Kwenye kioo aliliona gari jekundu likisimama palepale kwa muda mrefu, halafu likageuza kwa shida kwenye ile njia nyembamba na kushuka.

Hata hivyo alizunguka saa nzima kabla ya kupanda, kama alivyozungushwa na mama yake. Mteremkoni alikuta theluthi mbili za uyoga zimeoza. Zilikuwa zimelainika na kuwa nyeusi, na funza wakitembea ndani yake, na harufu yake ilimkera rohoni zaidi ya puani. Alipita alama zote kumi na sita, mti kwa mti, na simu bubu mkononi. Alipata nusu kikapu. Alikata polepole, akafunika kila shimo kwa majani ya msonobari, na aliposhuka alikuwa na hakika kwamba hata yeye mwenyewe asingejua kuwa kuna mtu aliyepita pale.

Jumapili alikwenda kwa Cinto kuuza kidogo alichobakiza, akakaa pembeni na sahani ya maharage. Saa nne mlango ulifunguka, Fermí akaingia mikono mitupu. Mluzi ulianza, kisha ukakatika wenyewe.

"Leo vipi, Sajini?" Cinto aliuliza akiwa nyuma ya kaunta. "Msitu umekunyima?"

"Mgongo," alisema Fermí. "Daktari kanikataza kuinama."

"Pole sana. Na mahali penyewe je? Patalala bure?"

Watu wakacheka kwa upole. Fermí hakumtazama Cinto, alimtazama Remei. Remei alimega mkate, akaufuta mchuzi sahani nzima mpaka ikang'aa, na hakusema kitu, wala hakuwa na nia ya kusema. Siri ya mtu ni ya mtu, hata ikiwa ya kipumbavu kama ile, na yeye kwa ajili ya hilo alikuwa amepoteza msimu mzima. Lakini hakuona sababu ya kumwambia Fermí kwamba atanyamaza.

Sajini alikaa, akaagiza soseji, akaiweka simu yake mezani kioo kikitazama juu, kama alivyozoea. Ikawaka. Kulikuwa na ujumbe, wa mke au wa watoto, na jirani yake wa meza akainamisha kichwa kidogo kuusoma, bila ubaya wowote, kwa mazoea tu. Fermí aliifunika kwa kiganja. Kisha akaichukua, akaizima na kuitia mfukoni.